Umeitwa intavyuu ya kwanza ya udevelopa (kazi ya kuandika programu)? Fanya hivi

Kila mwaka vyuo vikishamaliza mitihani simu yangu inajaa meseji za aina moja. "Kaka nimeitwa intavyuu Jumatatu nisome nini?" "Bro hawa wanauliza nini hasa?" "Mdogo wangu kaitwa benki, ataulizwa algorithimu?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, sasa naandika mara moja halafu atakayeuliza namtumia hii.

Mimi mwenyewe nilienda intavyuu tisa. Nane nilipigwa chini, ya tisa ndo nikapata, na katika zile nane kuna mbili ambazo hata mimi ningejipiga chini. Miaka mitatu sasa nakaa upande wa pili wa meza nauliza wengine, na naona kitu kile kile kinajirudia: majunia (madevelopa wanaoanza kazi) wengi wanafelia kwenye vitu walivyoviandika wao wenyewe kwenye CV. Wanakesha na maswali magumu ya mtandaoni, halafu anaulizwa "hii app yako ya duka inahifadhije paswedi?" anabaki anaangalia dari.

Nawaongelea zaidi wa Tanzania maana huku ndo nilikohojiwa na ninakohoji. Na nikisema kodi humu ni ile ya kompyuta. Ya TRA nayo ipo, tutaikuta kwenye mshahara.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Laptopu inayokaa na chaji saa mbili bila waya. Ofisi nyingi ndogo zinakwambia njoo na yako. Weka kabisa VS Code (ya kuandikia kodi), Git (inayotunza historia ya kodi) na lugha unayotumia, usije ukaanza kudaunlodi kwa bando mbele ya watu.
- Lugha moja unayoiweza. Moja. PHP na Laravel, au Python na Django, au JavaScript, yoyote. Aliyeandika lugha saba kwenye CV namuuliza ile ya saba.
- Projekti mbili GitHub (tovuti ya kuweka kodi) ulizoandika mwenyewe. Hata kama ni za kawaida, hata kama moja ni ya chuo.
- CV kurasa mbili mwisho, PDF, faili lina jina lako. Sio "CV mpya final 3".
- Daftari na kalamu. Utachora.
- Kama intavyuu ni ya mtandaoni: bando, na laini ya pili ya mtandao tofauti kwa ajili ya hotspoti.
- Kama ni serikalini: vyeti halisi na kitambulisho. Hili nitalirudia maana linaliza watu.
- Nauli ya kwenda na kurudi, na hela ya kula. Usicheke, nishamuona mtu anatetemeka saa nane mchana nikadhani ni woga, kumbe toka asubuhi hajala.

Hatua ya 1: Jua umeitwa intavyuu ya aina gani

Soma tangazo tena, halafu usione aibu kumpigia aliyekuita umuulize kiustaarabu: "Samahani, usaili utakuwa wa kuandika, wa vitendo au wa mahojiano? Nije na laptopu?" Hakuna anayekata jina la mtu kwa sababu kauliza. Wengi hawaulizi halafu wanafika na shati la mikono mirefu bila laptopu, kumbe kazi yote ni ya kukaa na kuandika kodi.

Kwa nilivyoona mimi kuna makundi matatu. Kampuni ndogo na maajensi ya mjini wanataka mtu wa kuanza kazi kesho, kwahiyo watakupa kitu kidogo ujenge pale pale, au watafungua projekti yako. Mabenki, kampuni za simu na za malipo wana hatua nyingi, HR kwanza, mtihani, halafu watu wa ufundi, na swali la usalama na la pesa lazima ukutane nalo.

Serikalini ni mambo mengine kabisa. Unaomba kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tuseme Afisa TEHAMA Daraja la II, na unaanza na mchujo, ule wa kuandika. Ukipita kuna wa vitendo kwa baadhi ya kada, halafu mahojiano. Mchujo unafanana na mtihani wa chuo, kwahiyo rudi kwenye madaftari: mitandao, databesi, mfumo endeshi, usalama. GitHub yako hapo hakuna atakayeifungua.

Onyo la serikalini: soma tangazo la kuitwa kwenye usaili mstari kwa mstari. Wameandika wazi kwamba testimonial, provisional results (matokeo ya muda), na hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la kwenye cheti cha form four, uwe na kiapo cha kubadili jina. Aliyesoma nje vyeti viwe vimehakikiwa na TCU, NACTVET au NECTA. Watu wanatoka Kigoma hadi Dodoma na basi usiku kucha halafu wanaishia mlangoni, na mlangoni hakuna cha kujieleza.

Hatua ya 2: Jihoji projekti zako mwenyewe

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, ukiwa na siku mbili tu fanya hii uache nyingine.

Intavyuu yangu ya tatu jamaa alifungua GitHub yangu kwenye skrini kubwa ya ukutani. Nilikuwa na sistimu ya kukodisha nyumba, nilijivunia sana, ina ramani, ina picha. Akashuka taratibu mpaka faili la login, akasimama kwenye mstari mmoja akasema, "Hapa umefanya nini?" Nikaangalia. Ulikuwa mstari mrefu wa rejeksi (alama za kutambua muundo wa maandishi) ya kukagua barua pepe, nimeukopi mahali sijui wapi, miezi sita imepita. Nikaanza "eeh hii... hii inavalideti..." Akasema "inavalideti vipi?" Kimya. AC ndo ilikuwa inaongea. Akafunga laptopu yake polepole, akaniuliza naishi wapi na nitapanda gari gani kurudi.

Kwahiyo kaa chini, fungua kila faili, na kila mstari ambao huwezi kumuelezea mdogo wako kwa Kiswahili fanya moja kati ya mawili: jifunze unafanya nini, au ufute uandike kwa njia rahisi unayoielewa. Loop ya mistari sita unayoijua ni bora kuliko mstari mmoja wa kichawi. Siku hizi ni zaidi maana watu wanaandikiwa na ChatGPT projekti nzima, mimi sina shida na hilo hata kidogo, nami natumia, ila ukiweka jina lako pale maana yake unaijua.

Jiulize haya ukiwa peke yako, kwa sauti:

- Kwanini hii databesi na sio nyingine? ("Ndo tuliyofundishwa chuo" ni jibu zuri tu, ongezea nini umeona ni kizuri na nini kinakusumbua.)
- Paswedi zimehifadhiwaje? Kama ziko wazi kwenye jedwali, rekebisha leo, weka hashi (zigeuzwe zisisomeke), bcrypt ya kufanyia hivyo ipo karibu kila lugha.
- Watu wawili wakibonyeza "nunua" kwa sekunde moja na bidhaa imebaki moja, nini kinatokea?
- Bagi (kosa kwenye kodi) gani ilikusumbua zaidi na uliitatuaje? Hili lazima liulizwe. Andaa stori moja ya kweli yenye mwanzo na mwisho.

Kosa ninaloliona kila mwezi: faili la .env limepushiwa GitHub, ndani kuna paswedi ya databesi na funguo za malipo. Ukilifuta halafu ukakomiti haitoshi, linabaki kwenye historia ya Git na mtu yeyote anarudi nyuma analisoma. Badilisha funguo zenyewe kwanza, kisha weka .env kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git inayaacha). Na andika README hata ya mistari kumi: inafanya nini, naiwashaje, picha mbili. Mimi nikifungua repo (folda ya projekti GitHub) haina README nina dakika moja tu ya uvumilivu.

Hatua ya 3: Rudia msingi, usikimbilie vigumu

Kwa kazi za junia nyingi za hapa hamna atakayekuuliza dainamiki programingi (mbinu ngumu ya algorithimu). Maombi ya kampuni za nje ya kufanyia kazi nyumbani ndo yanakuja na HackerRank au maswali ya LeetCode (tovuti za maswali ya kodi), kama unaomba huko fanya zile rahisi hamsini hivi ziishe. Huku kwetu rudia arei, stringi, loop, fanksheni, halafu Git (kubranchi, kumeji, kutatua konflikti), HTTP (brauza na seva zinavyoongea) na SQL (lugha ya kuuliza databesi).

HTTP watu wanachanganya namba za majibu, 401 na 403. Chukulia mlinzi wa getini: 401 hakujui, anasema onyesha kitambulisho. 403 anakujua vizuri mpaka jina la baba yako, ila kwenye listi ya leo haumo. 404 nyumba haipo. 500 umeingia vizuri ila ndani kumeungua.

SQL ndo machinjioni. Swali ninalopenda kuuliza: kuna jedwali la wateja na jedwali la malipo, nipe majina ya wateja ambao hawajawahi kulipa hata mara moja. Nane kati ya kumi wanaanza na JOIN (kuunganisha majedwali) ya kawaida, na JOIN ya kawaida inakuletea waliolipa tu, yani umemtupa nje yule yule unayemtafuta. Inatakiwa hivi:

SELECT w.jina
FROM wateja w
LEFT JOIN malipo m ON m.mteja_id = w.id
WHERE m.id IS NULL;

LEFT JOIN inambakiza mteja hata kama hana malipo, upande wa malipo unakuwa NULL (hakuna kitu), basi unachukua hao wenye NULL. Na ni IS NULL, ukiandika = NULL hupati mtu. Ichore kwenye daftari na wateja watatu na malipo mawili mpaka uione kwa macho.

Ukienda kwa watu wa malipo jiandae na hili pia: mteja kalipa 10,000, kampuni ya simu inakuletea taarifa ya muamala ule ule mara mbili kwa sababu mtandao ulisuasua, utafanyaje salio lisiongezeke mara mbili? Hifadhi namba ya muamala, iwe ya kipekee kwenye databesi, ikija tena unajibu "nimepokea" bila kugusa salio. Na pesa usihifadhi kwa namba za desimali za kawaida. Fungua konsoli ya brauza sasa hivi andika 0.1 + 0.2 uone: inakupa 0.30000000000000004. Tumia namba kamili.

Hatua ya 4: Zoea kuandika huku unaongea

Hapa wengi wanaojua wanafeli. Anapewa swali, anainama, dakika kumi na tano kimya kabisa kama yuko kwenye mtihani wa necta, mimi sijui anafikiria nini wala amekwama wapi siwezi hata kumsaidia.

Fanya zoezi hili nyumbani, ni swali la kweli ninalouliza: andika fanksheni inayopokea namba ya simu ya Tanzania kwa namna yoyote mteja alivyoiandika, irudishe kwenye muundo mmoja unaoanza na 255, kwa ajili ya kutuma SMS.

Kabla hujagusa kibodi, uliza. "Namba za nje ya nchi zipo? Ikiwa mbovu nirudishe nini, nitupe eraa au niache wazi?" Hapo tayari umeshapata maksi. Halafu sema mpango wako kwa Kiswahili cha kawaida kabla ya kodi:

1. Naondoa nafasi, vistari, mabano na alama ya jumlisha.
2. Ikianza na 255 na ina tarakimu 12, iko sawa.
3. Ikianza na 0 na ina tarakimu 10, natoa sifuri naweka 255.
4. Ikiwa na tarakimu 9 na inaanza na 6 au 7, naweka 255 mbele. Hizi zinatoka kwenye Excel, Excel inakula sifuri ya mwanzo.
5. Nyingine yoyote naikataa, sikisii.

Kuna binti mmoja alifika namba 3 akasimama, akasema, "Lakini ya mezani ya Dar inaanza na 022 nayo ina tarakimu kumi, itapita hapa, na SMS haitaenda." Akarudi akaongeza kukagua tarakimu baada ya sifuri, na namba 2 nayo akairudia kwa 255 hivyo hivyo. Kodi yenyewe ilikuwa na kosa la sintaksi na hakumaliza. Tulimchukua.

Jirekodi na simu ukifanya hivi mara tatu nne. Ya kwanza utajichukia, ni kawaida.

Hatua ya 5: Andaa "tuambie kuhusu wewe"

Dakika moja na nusu. Wewe ni nani, umejenga nini, unatafuta nini. Usianze na shule ya msingi, na usisome CV, tunayo mkononi. Mfano: "Naitwa fulani, nimemaliza mwaka huu sayansi ya kompyuta, field nilifanya kwenye kampuni ya usafirishaji nikawatengenezea fomu ya kurekodi mizigo, wanaitumia mpaka leo. Nafanya Laravel zaidi. Natafuta sehemu ambayo kodi yangu itaangaliwa na mtu anayejua kuliko mimi." Basi. Nyamaza.

Suala la Kiingereza. Intavyuu nyingi zinaanza kwa Kiingereza, na kuna watu wanajua kazi kabisa ila Kiingereza kinawameza, sentensi ya kwanza tu wanakuwa na maji shingoni. Zoea kuelezea projekti zako mbili kwa Kiingereza mpaka zitoke zenyewe, hizo tu. Ukikwama katikati omba: "Can I explain this part in Swahili?" Mimi sijawahi kumkatalia mtu, na waliokataa nilipoomba mimi walikuwa wawili. Kama kampuni inahudumia wateja wa nje basi Kiingereza ni sehemu ya kazi, hapo usilaumu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ukitoka Mbagala kwenda Posta, ondoka masaa mawili kabla. Mvua ikinyesha, kaa kwa ndugu wa mjini usiku ule kama unaye. Vaa vizuri kiasi, suti sio lazima, shati limepigwa pasi na viatu safi vinatosha. Sio lazima ukariri historia ya kampuni ila fungua tovuti yao na app yao uitumie, ukikuta kitu kinasumbua andika, ukiulizwa "una swali?" unalo.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Swali la FizzBuzz bado lipo, liko toka 2007 huko na halifi: namba 1 mpaka 100, inayogawanyika kwa 3 andika Fizz, kwa 5 andika Buzz, kwa zote andika FizzBuzz. Mtego ni mpangilio. Ukianza kukagua 3 basi 15 inatoka Fizz na hairudi tena. Anza na zote mbili.

Ukiulizwa kitu hukijui, sema hivi: "Hicho sijakitumia. Nadhani kinafanana na kile, na ningekitafuta kwa njia hii." Halafu jaribu. Kudanganya ndo kunaua. Mtu akisema anajua Docker (ya kufungasha app iwake mashine yoyote) naenda ndani maswali mawili, la tatu anajiumauma, na kuanzia hapo hata yale ya kweli aliyosema siyaamini tena.

Wakikurekebisha usibishane kwa hasira. Kama una hakika uko sahihi, onyesha kwa mfano: "tujaribu na namba hii tuone." Mara nyingine tunakosea makusudi tukuone, na mara nyingine tumekosea kweli.

Hatua ya 8: Kazi ya kwenda kufanyia nyumbani

Kazi ya masaa manne mpaka nane ni halali. Uliza dedilaini, uliza watakachoangalia, andika README ya jinsi ya kuiwasha, na kodi iwake kwenye mashine ya mtu mwingine. Jaribu kwenye laptopu ya rafiki, hii peke yake inakupitisha watu kibao. Ukitumia AI sema wapi, maana ukipita watakuita uielezee.

Ila kuna kampuni moja, siitaji, ilinipa Ijumaa jioni kazi ya kujenga app nzima ya kupeleka chakula, admini, malipo, ramani ya dereva, Jumatatu asubuhi iwe tayari. Sikulala. Nikatuma Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Hawakujibu hata "tumepokea", na mpaka leo sijajua kama kuna mtu aliifungua. Siku hizi nikipewa kitu kikubwa hivyo najibu: "Nitafanya sehemu ya oda kikamilifu, na nyingine nitaandika nitakavyozijenga." Anayetaka mfanyakazi anakubali. Anayetaka app ya bure anakasirika, na hapo umeshamjua.

Hatua ya 9: Mshahara, na kodi ile nyingine

Ukiulizwa unataka shilingi ngapi, taja kiwango kutoka hapa mpaka hapa, na uliza kama ni kabla ya makato au mkononi. Majunia wanaumia hapa. Tuseme umeambiwa laki nane kabla ya makato na ulisoma kwa mkopo wa bodi:

- NSSF asilimia 10: 80,000. Zinabaki 720,000 za kukatwa kodi.
- PAYE (kodi ya mshahara): 270,000 ya kwanza hawagusi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, yani 20,000. Zilizobaki 200,000 ni asilimia 20, yani 40,000. Jumla 60,000.
- HESLB (bodi ya mikopo) asilimia 15 ya mshahara: 120,000.

Mkononi unashika 540,000. Laki nane imekuwa laki tano na arobaini, na hujalipa nauli ya kwenda Masaki. Piga hizi hesabu kabla ya kusema "nitashukuru kwa chochote". Halafu usiseme kabisa hiyo sentensi, wanaisikia na wanaitumia.

Ukikwama

*Mtandao umekata katikati ya Google Meet.* Washa hotspoti ya laini ya pili, ingia tena, sema samahani mara moja na uendelee pale mlipoishia. Umeme ukikatika, simu ina Meet tayari, iweke kabla. Tuma meseji ndani ya dakika mbili ukishindwa kabisa, ukikaa kimya mpaka jioni wanahesabu hukuja.

*Kichwa kimekuwa cheupe, sikumbuki hata loop.* Omba dakika moja, kunywa maji, andika mfano mdogo kwenye karatasi kwa mkono na namba tatu. Ukishindwa, fanya njia mbovu inayofanya kazi kwanza, halafu useme ungeiboreshaje.

*Wanataka uzoefu wa miaka miwili.* Omba tu. Field, projekti ya chuo, tovuti ya kanisa au ya duka la mjomba, hivyo vyote ni kazi, eleza nani anaitumia. Ila usibadilishe miezi mitatu ya field ikawa mwaka, watapiga simu.

*Wameniambia nilipie fomu, au mafunzo ya kuanzia.* Usilipe. Kazi ya kweli haikuombi hela ya M-Pesa ili uhojiwe. Ondoka hata kama ofisi ina vioo.

*Wiki tatu kimya.* Tuma barua pepe moja fupi baada ya wiki moja, nyingine baada ya wiki ya pili, kisha endelea kuomba kwingine. Waliokataa waombe sababu moja. Wengi hawajibu, mmoja kwenye zile nane zangu alijibu, akaniambia SQL yangu ni dhaifu, na alikuwa sahihi.

*Nimefeli tano, nabadilisha fani?* Kwanza angalia unafelia wapi. Huitwi kabisa? Tatizo ni CV na GitHub. Unaitwa ila unaishia kwenye mtihani? Rudi hatua ya 3. Unafika mpaka mwisho halafu kimya? Hatua ya 4 na ya 5. Baada ya kila intavyuu kabla hujapanda gari andika maswali yote waliyokuuliza, yanajirudia kuliko unavyofikiri, ile ya tisa yangu maswali manne kati ya sita nilishayaandika kwenye daftari.

*Wamepiga simu niko kwenye daladala, konda anapiga kelele, sikusikia chochote.* Usijibu "haloo haloo" dakika tatu. Sema: "Samahani, niko barabarani, naomba nikupigie ndani ya dakika kumi." Shuka kituo kinachofuata, tafuta kivuli, toa daftari, uwe na vocha.